Kigingi cha Pili

Khamisa alikuwa na wivu, na hakuna jirani yake pale Voi aliyehitaji kuambiwa. Mumewe Mwinyihaji akirudi safari, hata maji ya kunywa hajapewa, kanzu yake ilikuwa imeshanuswa mabega yote mawili. Watu walimcheka. Yeye alisema anayecheka hana mume wa maana, akaendelea kunusa.

Mwinyihaji alikuwa na duka karibu na stesheni, na kila mwezi alipanda treni ya Taveta kwenda kununua samaki wakavu wa ziwa Jipe. Kwa muda mrefu kanzu ilirudi na harufu ya perege na moshi, na Khamisa akaridhika. Halafu jina likaingia nyumbani. Kwanza liliingia pamoja na samaki: Penina, mjane wa kisiwani, anajua kukausha. Mwezi uliofuata Penina akawa mtu wa subira. Mwezi mwingine, wakiwa mkekani, mume akasema mchuzi huu wa nazi ni mtamu, ila Penina naye perege wake humtia chumvi na ndimu tu, na analika. Hapo Khamisa aliweka upawa chini.

Si kwamba alikuwa mwanamke wa kuonewa huruma. Alikuwa binti wa fundi cherehani wa Mombasa, mama wa Salme, na lile duka lilisimama kwa mahamri aliyoyapika yeye kila alfajiri, enzi ambazo Mwinyihaji hakuwa na chochote ila meza na mizani. Leo aje mtu wa matopeni agawiwe nusu ya mume? Moyo ulimwaka.

Akamwambia mumewe kwa sauti laini kwamba safari hii angependa kwenda naye, maana ziwa hajaliona. Alitazamia ababaike. Mwinyihaji alifurahi mpaka akapeleka habari mapema kisiwani kwamba anakuja na mkewe. Furaha ile ilimkera Khamisa kuliko uongo wowote.

Basi wakapanda treni, wakapita Bura na Maktau, wakalala Taveta kwa binamu wa Mwinyihaji, na asubuhi lori la mkonge likawashusha upande wa Mata. Kutoka hapo walitembea hadi ukingoni, ambapo Obadiah, mwenye mtumbwi, alikuwa akiwangoja na pondo lake refu la kusukumia mtumbwi.

Ziwa lenyewe lilimvunja moyo. Yeye alizoea bahari, na hapa kulikuwa na matete, kisha matete, na kichochoro cha maji katikati yake. Visiwa vilikuwa vidogo, vimejificha ndani ya mafunjo, na Obadiah alivipita kimoja kimoja akieleza kwa nini hawateremki. Hapa pana kina kizuri lakini viboko hawataki wageni. Pale pametulia asubuhi, ila upepo wa alasiri husukuma mtumbwi ukakwama. Khamisa akauliza kwa nini asitie nanga popote. Obadiah akacheka, akasema nanga ya Jipe ikishaingia kwenye tope haishiki kitu, na ukiitaka tena huipati.

Hapo ndipo alipoeleza desturi yao. Kisiwani mgeni hafungi mtumbwi anapopenda. Nyumba inayompokea humpandia kigingi majini, naye hufunga hapo, na nyumba hiyo ndiyo humlisha na kumlinda. Mgeni hajipandii. Hupandiwa.

"Na mume wangu kapandiwa?" Khamisa aliuliza, akitazama maji.

"Ako nacho, mama. Penina alimpandia kitambo."

Mwinyihaji alikuwa mbele, anaimba kwa sauti ya chini, na mkewe alimtazama kisogo njia nzima.

Walipoingia kwenye ghuba ndogo ya kisiwa, Khamisa aliviona kabla ya kuonyeshwa. Vilikuwa viwili. Kimoja cha zamani, cheusi, kimeota ukungu. Cha pili kipya, kimebanduliwa gome, cheupe, kimepandwa ubavuni mwa mwenzake, na vyote viwili vimefungwa pamoja kwa kamba ya mafunjo. Hakuhitaji mkalimani. Mwanamke huyu alikuwa amejipanda kando ya mumewe, mchana kweupe, siku ambayo mke anakuja kutembea.

Obadiah akafunga omo, mbele ya mtumbwi, kwenye kile cheusi, na tezi, nyuma yake, kwenye kile cheupe, na mtumbwi ukatulia.

Penina akaja kuwapokea. Khamisa alikuwa amejiandaa kwa mrembo, na alikuwa amejiandaa pia kwa kikongwe. Hakujiandaa kwa mwanamke wa rika lake, mwenye pengo la jino na mikono mizuri ya kazi, anayecheka kwa urahisi. Chakula kilipoandaliwa, Penina alimsogezea Mwinyihaji perege na kuwaachia wengine kambare, kwa sababu alijua Mwinyihaji hali kambare. Khamisa alisukuma sahani ya ndizi kando. Jambo lile alidhani analijua yeye peke yake duniani.

Baada ya kula wenzake wakaenda kwenye vichanja vya kukaushia kuchagua samaki. Khamisa akasema kichwa kinamuuma, akashuka ghubani. Alikunja buibui, akaingia majini, akaifumua ile kamba, akakikumbatia kigingi cheupe na kukitikisa mpaka tope likakiachia. Akakivurumisha kwenye matete. Alisikia raha, raha kabisa, kutoka nywele hadi unyayo.

Raha haikudumu. Upepo wa alasiri ulianza, na mtumbwi uliobaki na kamba ya upande mmoja ukageuka, ukajipigiza kwenye mizizi na kuanza kunywa maji. Obadiah akapiga kelele. Wote wakaja mbio, wakauvuta, wakayakumba maji nje. Ndipo Penina akaona kigingi cheupe hakipo, na akaiona mikono ya Khamisa, hina yote imefunikwa tope.

Mwinyihaji alitaka kusema kitu. Penina alimtangulia.

"Dada, hicho kilikuwa chako," alisema. "Mgeni akija peke yake, ni kigingi kimoja. Akija na mkewe, ni viwili, vinafungwa pamoja. Nilikikata jana, niliposikia unakuja." Akapangusa mikono kwenye leso yake. "Kila akija hapa ni Khamisa hivi, Khamisa vile, Khamisa aliuza mahamri nikapata duka. Mimi sina wa kunitaja. Nilikuonea wivu sana."

Mwinyihaji alijitia kutazama samaki kule vichanjani. Pale majini palikuwa pamesimama kigingi kimoja, cheusi, cha mtu asiye na mke, na aliyekiacha hivyo ni Khamisa kwa mikono yake mwenyewe. Aibu ilimchoma. Akaingia tena majini, safari hii bila kukunja buibui, Obadiah akimwonya habari za viboko, akapapasa kwenye matete mpaka akakipata. Akaja akamnyoshea Penina.

"Nipandie, dada. Tafadhali."

Penina hakukipokea.

"Leo unaondoka," alisema. "Siwezi kumpandia mtu anayeondoka. Ukirudi, njoo nacho."

Kigingi kikasafiri hadi Voi, kikanukisha behewa zima, kikasimamishwa nyuma ya mlango wa chumba. Je, wivu ulimtoka? Thubutu. Jioni waliyofika aliinusa kanzu, mabega yote mawili, ingawa walikuwa pamoja safari nzima. Lakini mwezi uliofuata, Mwinyihaji alipofika stesheni na magunia yake, alimkuta mkewe ameshaketi ndani ya behewa, kigingi magotini, amemwekea nafasi ubavuni mwake.