Sauti ya pili kwenye kanda ya Baba

Leo nimemwonea kaka yangu Musyoka wivu.

Wiki tatu nimekuwa nikihamisha kanda za marehemu Baba kwenye kompyuta, za miaka ya themanini alipopiga gitaa kwenye harusi za kijijini kwetu Tulia.

Musyoka ana mashine ya gemu ambayo fundi wa soko la Kabati aliifungua kufuli zake za programu ili icheze muziki pia. Leo nikamwekea nyimbo zote.

Akaiunganisha na TV. Mama akaacha kuchambua maharagwe, akacheza.

"Musyoka, umenirudishia baba yenu."

"Ni kitu kidogo tu, mwaitu," akamjibu mama yetu kwa Kikamba.

Kitu kidogo. Na mimi nimesimama pale, waya bado mkononi.

Kisha, wimbo wa tatu, mwanamke akaanza kuimba na Baba. Vibaya.

Ni mimi. Nilikuwa nimerekodi kwa maiki mbele ya redio kaseti, nikajisahau, nikaimba.

Mama akageuka. "Mwende, ni wewe huyo? Rudisheni hapo."

Musyoka akaninong'oneza, "Hiyo sauti yako haiwezi kutoka?"

Nikamwambia haiwezekani.

Ukweli ni kwamba kurekodi wimbo huo upya ni dakika nne tu. Nyinyi mngerekodi?