Sahani Zilizojaa Mno

Dereva wa lori alikuwa amelala katika miji mingi na kuomba maji kwa lugha tano, lakini ngazi za jengo hili zilimfanya avue kofia. Juu alipewa koti jeupe lililombana makwapa, akaingia maabara kumchukua mdogo wake wakale chakula cha mchana.

"Shikamoo kaka. Usiguse kitu."

"Marahaba, daktari wa vijidudu. Mbona macho mekundu?"

Mdogo wake akamsogezea sahani ndogo ya plastiki. Haikuwa na kitu.

Akamweleza taratibu. Kulikuwa na kichaka porini kilichostahimili ukame. Barabara ilipopanuliwa kiling'olewa, likabaki tone moja la vinasaba vyake. Alilitumia lote: alikata humo kipande cha jeni, akakipachika kwenye kiduara cha vinasaba, akawapa bakteria wakibebe. Bakteria akijigawa, kipande nacho hunakiliwa. Ila wanaokipokea ni wachache. Kwa hiyo kiduara hubeba pia kinga dhidi ya dawa ya kuua bakteria, na uji wa jeli wanamoota hutiwa dawa hiyo. Asiye na kiduara hufa.

"Sasa hawa wamekufa wote?"

"Hawa niliwahamisha kutoka sahani za kwanza, nikawaweka kwenye dawa nzima. Zile zilijaa pomoni! Nikapiga vigelegele, bosi akawapigia simu wafadhili. Nikadonoa vidoa vichache vya bakteria, vingine nikavichemsha, maana hapa hakitupwi kitu kikiwa hai. Kumbe dawa niliitia uji ukiwa bado wa moto, ikaharibika. Wakaota wenye kinga na wasio nayo, nami nikadonoa wasio nayo."

"Maji yakimwagika hayazoleki, mdogo wangu."

"Yangu hata hayakumwagika, kaka. Yamechemshwa."

"Lakini si ungengoja upoe?"

"Ilikuwa Jumatano."

Dereva akakumbuka. Jumatano aliegesha lori hapo chini, mama yao akiwa ndani, safarini kurudi nyumbani kwake. Alimpigia mdogo wake simu, akapiga tena: Shuka, mama anazeeka huku! Na wote wawili, yeye na mama, walicheka.

"Sema umeme ulikatika," alinong'ona. "Nani atajua?"

"Wenzangu wataamini sahani za kwanza, watafute jeni mwaka mzima ndani ya vidoa vitupu nilivyobakiza."

"Basi sema ni mimi."

"Wewe ulipiga simu tu. Aliyemimina ni mimi."

Akanawa mikono, akatundika koti. "Kaa hapo. Kwa bosi naenda peke yangu."

Mlango ukajifunga polepole. Dereva akabaki kwenye kiti kirefu cha maabara, miguu haifiki chini, akisikia viatu vya mdogo wake vikitembea bila haraka yoyote.