Pua ya Mama Peniel

Pua ya Emiliana, jamani, si ya mchezo. Pale mtaani Utemini wanasema iliumbwa kwanza, yeye akashikizwa nyuma baadaye. Lakini pua hiyo hiyo inajua maziwa yatachacha saa ngapi, na sufuria ya jirani wa tatu ikiungua inajua kabla ya mwenye sufuria. Kipaji kama hicho, halafu mwenyewe anakionea aibu, miaka sita anafagia maganda kwenye kiwanda cha alizeti, kichwa chini! Kuna watu Mungu anawapa ng'ombe, wao wanamfuga kama paka.

Jumanne ile asubuhi akasimama ghafla mlangoni mwa stoo. Harufu. Kama karanga zilizosahauliwa jikoni, kwa mbali, kama inajificha.

Mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, hutoka kwenye mashine ya moto. Siku zote yanamwagwa sakafuni, yanageuzwa kwa koleo mpaka yapoe, ndiyo yanafungwa. Wiki ile wafugaji waliyagombania, malori yamepanga foleni, basi wakayashindilia kwenye viroba yakiwa bado yanafuka. Mlundo ulikuwa umefika karibu na bati. Na nyuma ya ukuta ule ule kuna mapipa ya mafuta, na akina mama kumi na wawili wanapepeta mbegu.

Akaja Derick, msimamizi, kijana mwenye funguo nyingi kuliko milango.

"Shikamoo Mama Peniel. Mbona umesimama kama nguzo ya umeme?"

"Marahaba, baba. Humu ndani kunaungua."

"Moshi uko wapi?"

"Bado. Unakuja."

Derick akawaita wapakiaji. "Njooni msikie, pua imeshika mtandao!" Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Derick akakaza uso. "Mama, ukiubomoa huo mlundo usikute kitu, kesho usije."

Emiliana akarudi kwenye ufagio wake. Kazi hii ndiyo inamlisha mwanawe Peniel. Akafagia mara tatu. Kila akivuta pumzi, kile kitu kimesogea. Upande wa pili wa ukuta Rahabu, mmoja wa wale wapepetaji, alikuwa anaimba, hana habari. Upepo ukapita chini ya bati, ukanguruma.

Akautupa ufagio, akapanda.

Kiroba cha kwanza, baridi. Cha pili, baridi. "Mama, tafuta na dhahabu humo!" wakamzomea. Cha sita kilimchoma kiganja. Akakivuta, kikapasuka. Ndani ni cheusi tii, na upepo ulipokigusa, jicho jekundu likafunguka katikati.



"Rahabu! Watoe wote nje!" Hajawahi kupiga kelele pale kiwandani. Kisha akaanza kunusa, kiroba kwa kiroba, bila aibu, pua mbele. "Hiki toa. Hiki acha. Hiki toa, haraka." Derick mwenyewe alibeba, funguo zinalia kiunoni. Saa nne viroba kumi na tisa vilikuwa uwanjani, vinafuka.

"Vimeisha?" Derick aliuliza, sauti imepungua.

"Humu vimeisha. Vile vya juu ya mlundo vilienda wapi?"

Vilikuwa themanini. Dereva Calist alivipakia asubuhi hiyo, akafunga turubai, akaondoka. Derick akapiga simu, ilipopokelewa akampa Emiliana. "Ongea wewe, mama."

"Calist, uko wapi?"

"Niko hapa Mkiwa, nakunywa chai. Huku upepo balaa."

"Gari umeegesha wapi?"

"Hapa kituo cha mafuta. Halafu mama, turubai linatoa jasho kama mtu mwenye malaria. Mmepakia nini?"

Emiliana akafumba macho.

"Usilifungue. Litoe gari hapo, lipeleke porini, halafu ruka ukimbie."

"Kasema nani?"

"Nimesema mimi."

Kwenye simu wakasikia kikombe kikianguka, mbio, mlango wa gari ukigongwa. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

"Washa tena, baba," alisema Emiliana. "Washa tena."