Vichwa vya Mwongozo na Heshima ya Mzee Salim

Nakumbuka asubuhi moja hapa Doha, mwanangu, ndevu zangu zikiwa bado nyeusi, nilipopewa kazi kama hii uliyopewa wewe. Nimesikia mudir, meneja wetu, amekutaka uandike mwongozo wa jenereta kwa Kiswahili, nikaona nikuwahi. Keti.

Nilikuwa mlinzi kwenye kompaundi moja ya makazi, mtaa wa Abu Hamour. Wengi wetu tulikuwa Watanzania na Wakenya, na mudir alitaka chumba cha ulinzi kiwe na mwongozo tunaoweza kuusoma: gesi ikivuja ufanye nini, kengele ya moto ikilia ufanye nini. Nilichaguliwa kwa kuwa nilimaliza kidato cha sita. Kilichonitatiza ni vichwa vya kurasa. Wasomaji wangu wengi walikuwa rika la baba yangu, akiwemo Mzee Salim wa Tanga, niliyemwamkia shikamoo kila zamu. Mtu kama huyo nitamwandikiaje "Funga gesi"? Kwetu mtoto hamwamrishi mkubwa, hata kwenye karatasi. Nikaandika kwa adabu: "Maelezo Kuhusu Ufungaji wa Gesi", "Maelezo Kuhusu Uzimaji wa Kengele", hivyo hivyo mpaka ukurasa wa mwisho. Nikajiona bingwa.

Bi Rukia, Mzanzibari, mlinzi mwenzangu wa siku nyingi, akausoma akaguna.

"Hii hutuba au mwongozo? Mtu keshashikwa na kiwewe, atazame wapi? Andika 'Funga gesi', khalas, basi."

"Watu wazima nitawaamrishaje, Bi Rukia?"

"Moto hauna shikamoo, mwanangu."

Nikamshuku. Mimi mtu wa kushuku, wanijua. Hata chai nikikaribishwa na mtu asiyenizoea, huinusa kwanza. Nafasi ya msimamizi wa zamu ilikuwa wazi, na sote wawili tuliitamani. Nikajiambia, akufukuzaye hakwambii toka: mama huyu anataka wazee wanione sina adabu, wanishtaki kwa mudir, apande yeye. Nikamshukuru kwa tabasamu, mwongozo nikauacha vilevile.

Haikupita muda mrefu mudir akafanya jaribio bila kutuarifu. Mzee Salim ndiyo kwanza alikuwa amehamishwa kutoka getini kuja chumba cha ulinzi. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha, na binti yake alikuwa akisomea uuguzi kwa mshahara huo huo. Mudir akamwambia gesi inavuja kwenye nyumba moja, afanye inavyotakiwa. Mzee akavaa miwani, akafungua mwongozo wangu. Maelezo kuhusu. Maelezo kuhusu. Maelezo kuhusu. Kidole kikashuka, kikapanda, kikarudi ukurasa wa kwanza. Mimi nimesimama palepale, nimekatazwa kusema neno. Mudir akatazama saa yake.

"Khalas, Salim."

Mkataba haukuongezwa.

Nilimsindikiza uwanja wa ndege. Nikamwomba radhi huku nalia, wala sikuona haya mbele za watu. Akanishika bega.

"Ulinistahi sana, mwanangu. Bora ungeniamrisha."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimshuku Bi Rukia, ambaye ushauri wake ungemwokoa mzee yule, nisiishuku adabu yangu mwenyewe, niliyoivaa ili nisionekane vibaya mimi. Kwa hiyo shuku, mwanangu, sikukatazi. Mji huu una maneno matamu mengi. Ila anza na nafsi yako. Kila kichwa unachokiandika kiulize: mtu mwenye hofu akikitupia jicho mara moja, atajua mkono wake uende wapi? Kama ni kazi ya kufanya, tanguliza kitendo: washa, zima, funga, ita. Kama ni jambo la kuelezwa tu, litaje kwa jina lake, usilipe sauti ya amri. Na ukishachagua njia usiyumbe, maana msomaji hukuzoea, na akikuzoea hukuamini. Heshima ya wazee ipeleke kwenye salamu. Kwenye mwongozo, wasaidie wafanye kazi yao.

Mola akujalie maneno yanayofika upesi, mwanangu, na kila atakayeyasoma arudi kwao siku aliyoichagua mwenyewe.