Pua Ilikuwa Mlangoni

Nataka iandikwe mahali, hata kama ni kwenye daftari ambalo simwonyeshi mtu: sikukosea. Baba amesema nilikosea, mama amesema, na nyanya, ambaye hajui hata tunazungumzia gari gani, naye amesema. Bado nasema sikukosea.

Magari yenyewe si ya kweli. Ni yale mazito ya mashindano ya Marekani, yanayozunguka njia yenye umbo la yai, kona zote za kushoto na zimeinamia ndani. Sisi tunayaendesha kwenye skrini kwa intaneti, kila mtu akiwa kwao. Ami yangu, kaka mkubwa wa baba, ana duka la kutengeneza simu na kompyuta hapa Malindi, na nyuma ya duka, ng'ambo ya pazia, ameweka kompyuta mbili zenye usukani na pedali. Moja ni yake. Kwenye ya pili alinikalisha mimi nilipokuwa kidato cha kwanza, baada ya kuniona nimesimama nyuma ya kiti chake Jumapili tatu bila kusema neno. Ligi aliianzisha yeye. Madereva wengi ni wa Malindi, Kilifi na Mombasa, na wachache wa bara. Tunashindana Jumapili baada ya swala ya alasiri.

Shuleni mimi ndiye yule anayeambiwa asome kwa sauti, mwalimu akasema "sauti" mara tatu, halafu akachoka akamwita mwingine. Kwenye mbio hakuna anayenitazama usoni. Mimi ni gari la kijani, namba kumi na saba. Maikrofoni yangu naiwasha kwa salamu tu, maana kwetu hata huko kuna salamu. Kabla ya kuanza, wadogo huwaamkia wakubwa mmoja mmoja, na wakubwa huitikia mmoja mmoja, na kila aliyeitikia huuliza habari za nyumbani. Jamaa mmoja wa Nakuru hutuambia kila wiki kwamba sisi watu wa pwani tutaamkiana mpaka mafuta yaishe.

Sheria ya kupita aliiandika ami mwenyewe kwa kalamu nyekundu, akaibandika juu ya skrini zetu. Anayetoka nyuma akiwahi kufikisha pua ya gari lake kwenye mlango wa gari la mbele kabla ya kona kuanza, aachiwe nafasi ya gari moja mpaka kona iishe. Asipowahi, asubiri. Ami alinifundisha sheria hiyo kwa viberiti viwili juu ya meza, mpaka nikawa naiona nikifumba macho.

Kosa langu la kweli nalikiri, na lilikuja kabla ya haya. Jumapili moja nilikuwa wa tano, nikamwona ami nyuma yangu kwenye kioo. Nyumbani mimi simtangulii ami hata kuingia mlangoni, wala siketi kabla hajaketi. Mguu wangu ukaachia mafuta wenyewe, katikati ya kona, ili nimpishe. Yeye alipita. Aliyemfuata hakutarajia gari kupunguza mwendo pale. Akanigonga, mwingine akamgonga yeye, tukaishia magari matatu ukutani. Ami hakuwa ameniomba nimpishe. Ni mimi na adabu zangu.

Mwamuzi mkuu wa ligi ni mama mmoja wa Kilifi, mwalimu. Alitoa hukumu kwamba wiki ijayo nianze nyuma ya wote, na nikifanya kosa jingine moja, kiti changu katika ligi apewe mtu aliye kwenye orodha ya wanaosubiri. Baadaye alinipigia simu peke yangu.

"Mwanangu," akasema, "mkubwa muamkie kabla ya mbio. Mbio zikishaanza, heshima ni mwenzio kujua gari lako litakuwa wapi."

Jumapili iliyofuata nilianza wa mwisho. Sikumgusa mtu. Nilikuwa nangoja, nikiweka pua pale panapotakiwa, nikiachiwa nafasi, nikishukuru kimoyomoyo, naendelea. Zilipobaki raundi mbili, mbele yangu kulikuwa na gari moja tu, jeupe, la ami. Nilimsikia akihema kwenye kiti cha pembeni. Alitoka kona ya pili akiwa ameteleza kidogo kuelekea ukutani, nikaingia ndani, na kabla ya kona ya tatu pua yangu ilikuwa mlangoni kwake. Mguu ukataka kuachia mafuta, kama wiki iliyopita. Nikaukatalia. Nilikaa kwenye mstari wangu wa chini kabisa, sikupanda hata kidogo. Ami akateremka kufunga njia kama vile sipo. Tukagusana, gari lake likazunguka, likaenda kuparamia ukuta. Nikamaliza wa kwanza.

Ami alitoa mikono kwenye usukani akaifuta kwa suruali.

"Nimekufundisha kushika usukani," akasema, "na sasa wanizika nao."

Nikazima kompyuta, nikaenda nyumbani. Sijui kumjibu ami. Jioni hiyo hiyo alipeleka mashtaka kwa waamuzi.

Nyumbani habari ilinitangulia. Baba alitaka nikambusu ami mkono, niseme nimekosa, yaishe. Mama alisema jambo la mchezo halifai kuvunja udugu. Nyanya akataka kujua kama gari limeharibika sana na nani atalitengeneza. Nikawaambia kumbusu mkono nitambusu, kama siku zote, lakini kusema nimekosa sitasema. Nikisema, hilo ni kosa la pili na kiti changu kimekwenda. Na hata kama kiti kingebaki, nisingesema, kwa sababu si kweli. Baba alinitazama kama mtu aliyesikia redio iliyokufa ikiongea.

Waamuzi walikutana Jumatano, nilipotoka shule. Ami alikaa kwenye kiti chake, mimi kwenye changu, kila mtu na vifaa vyake masikioni, kwa hiyo kila neno la ami nilikuwa nalisikia mara mbili, mara ya kwanza chumbani na ya pili kwenye sikio. Alisema mimi nina haraka, kwamba yeye alikuwa mbele na mimi nilipaswa kumstahi, na kwamba mtu asiye na kosa hanyamazi siku tatu. Hilo la mwisho lilinichoma kuliko yote. Yule mwalimu wa Kilifi akauliza kama namba kumi na saba ana la kusema. Nikawasha maikrofoni.

"Shikamoo, ami."

Akaitikia akitazama skrini. "Marahaba."

"Naomba picha isimamishwe pale kabla ya kona ya tatu."

Wakaisimamisha. Gari jeupe, gari la kijani, na pua yangu imefika kwenye kitasa cha mlango wake.

"Pua iko mlangoni," nikasema. "Sheria ni yako, ami. Haisemi mlango wa nani."

Jamaa wa Nakuru akakohoa, akasema kumbe kumi na saba ni mtu, yeye miaka yote alidhani ni kompyuta iliyofundishwa salamu tu. Waamuzi walishauriana muda mfupi tu. Kosa halikuwa langu. Ushindi ulibaki wangu, kiti kikabaki changu, na ami akapewa onyo. Alivua vifaa vyake, akatoka kwenda mbele ya duka kwa mteja ambaye sikumwona.

Lakini kiti cha ligi ni kitu kimoja, na usukani ni wa ami. Jumapili nilikwenda dukani bila kujua kama nitaendesha. Alikuwa ameinama juu ya simu iliyofunguliwa. Nikamwamkia, nikambusu mkono.

"Na lile jingine?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Lile jingine hapana, ami."

Akafunga skrubu moja, akatafuta nyingine. Hakuniambia niingie wala hakuniambia niondoke. Nilingoja mpaka akaimaliza ya pili. Kisha nikafunua pazia, nikawasha kompyuta, nikakaa.

Alikuja dakika tano kabla ya kuanza. Aliketi kwake, akavuta pedali karibu, akasema skrini yangu ina vumbi.

Nikaifuta.