Nei Aketa wa Nikutaru, Mama Asiyeomba

Je, wewe unayesikiliza, ungekuwa na haki ya kumwomba ndugu yako chochote alicho nacho, naye hawezi kukunyima, ungekaa miaka ishirini na miwili bila kufungua kinywa? Hilo ndilo watu wa kisiwa cha Nikutaru walilojiuliza juu ya Nei Aketa, yaani Bi Aketa, na wengine wanajiuliza mpaka leo.

Alizaliwa mwaka 1919, msimu wa mikadi kuiva, akiwa mtoto wa pili baada ya kaka yake Bureieta, aliyemtangulia kwa miaka minne. Alibatizwa akiwa na siku nane, na inasemekana alipiga kelele hata padre akacheka, akasema, "Huyu atakuja kunijibu." Hakukosea. Aketa alikua na ulimi kama wembe. Alipokuwa na miaka kumi na sita alimwambia katekista mbele ya kanisa zima, "Wewe ukihubiri, hata samaki wabichi wanakauka." Alipoombwa na padre awafundishe watoto sala, alicheka tu, akaenda zake kusuka mkeka. Tunayasema haya bila kumvunjia heshima. Hakuna mtakatifu aliyezaliwa ameiva.

Baba yao alipofariki, Bureieta alirithi shimo kubwa la babai katikati ya kisiwa, na Aketa akapewa dogo lililo karibu na ufuo. Babai ndiyo gimbi letu la heshima. Bila hiyo hakuna harusi wala sikukuu. Shimo huchimbwa mpaka maji matamu yaonekane, kila mche huvishwa kikapu cha majani ya mkadi, ndani yake hutiwa majani makavu na udongo mweusi, kisha mtu hungoja kwa miaka.

Mwaka 1938 Aketa aliolewa na Kirata, mtu mpole asiyejua kugomba. Walipata watoto wawili, na wote wawili walizikwa kabla ya kujua kutembea. Mwaka 1947 Kirata alikwenda kisiwa cha mbali kuchimba mawe ya mbolea, akafa huko kwa homa. Kilichorudi ni shuka yake na rozari. Halafu, Februari 1949, siku ya maji makuu, bahari ilipanda juu ya ufuo ikajaa shimoni mwa Aketa. Baada ya wiki mbili majani ya babai yalikuwa yamegeuka manjano, na mizizi ilinuka mpaka njiani.

Sasa, sisi tuna desturi ya bubuti. Ndugu yako akikuomba kitu kwa neno hilo, humnyimi, kiwe mtumbwi, liwe shimo, awe hata mtoto wa kulea. Aibu ya kunyima haioshwi na mvua. Kwa hiyo wanawake walimjia Aketa wakamwambia, "Nenda kwa kaka yako, mwanamke wewe! Ana shimo la kulisha kijiji. Sema neno moja tu."

"Silisemi," akajibu.

"Kiburi hicho!"

"Huenda. Acheni nikae nacho nikione."

Akachukua kata ya kifuu cha nazi, akashuka shimoni, akaanza kuchota maji ya chumvi na kuyamwaga nje. Kila bahari ilipojaa, chumvi ilipenya tena chini kwa chini, naye alishuka tena. Mwaka wa kwanza alichota akilaani. Aliutukana mchanga, akaitukana bahari, na mara moja, kama alivyokiri mwenyewe baadaye, alimtukana Mungu. Mwaka wa pili matusi yalimwishia. Hakuwa na la kusema, basi akaanza kusema Baba Yetu, kata moja sala moja. Jirani yake Tebuka alipita akamchokoza:

"Aketa, unaimaliza bahari?"

"Naimaliza. Ikikauka nitakuita uvuke kwa miguu, maana mtumbwi wako haufiki popote."

Ulimi ulikuwa ule ule, lakini wembe ulikuwa umetoka. Mwaka huo alikwenda kwa yule katekista, aliyekwisha kuwa mzee, akamwomba radhi kwa maneno ya zamani. Mzee akamkabidhi watoto wa kufundisha. Mwaka wa tatu, baada ya kuzungushia shimo ukuta wa mawe ya matumbawe na kushindilia majani mpaka magotini, alipanda miche sita. Yote ilishika.

Bureieta naye alifanya kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya. Aliwaza hivi: mwenye haki ya kuomba asipoomba, anaweka akiba ya ombi kubwa. Akaanza kumkwepa dada yake. Kanisani alikaa upande mwingine. Akimwona njiani aligeuka kukagua minazi isiyo yake. Mkewe alimcheka, "Unamkimbia dada yako kama ana upele?"

"Wewe hujui. Atalitaka shimo. Au atamtaka Tiata."

Tiata alikuwa kitinda mimba wao, na Bureieta alimpenda kuliko macho yake.

Mwaka 1955 mvua ilikatika miezi kumi na minne. Shimo kubwa la Bureieta lilipasuka nyufa. La Aketa, kwa ule unene wa majani, lilibaki kijani. Aling'oa babai aliyoilea kwa miaka, akaigawa nyumba kwa nyumba, na kila siku ya tatu alimpa mke wa Bureieta kikapu kizima. Bureieta alikula, kila tonge likizidi kumtisha. "Sasa amenifunga kabisa," alisema.

Nei Aketa alifariki tarehe 15 Agosti 1971. Watoto aliowafundisha ndio makatekista wa leo katika vijiji vitatu. Wanawake wanasimulia kwamba katika ukame uliofuata kifo chake walichota shimoni mwake maji matamu huku visima vyote vikiwa na chumvi. Kanisa halijasema neno, nasi hatulitangulii. Anayetaka kumwiga asianze na miujiza. Achukue kata yake, ashuke pale panaponuka, na asihesabu siku.

Lakini watu hawaachi kuuliza alikuwa akitaka nini. Bureieta mwenyewe aliusimulia mchana wa mwisho. Hakuna aliyemwita. Alifika peke yake, akasimama mlangoni, kofia mkononi, jasho likimtoka.

"Aketa, nimechoka kuogopa. Omba. Shimo? Chukua. Tiata ana watoto wake sasa, lakini nitamwambia. Omba, nipumzike."

Mgonjwa alicheka mpaka akakohoa. "Kaa chini, kaka."

Akakaa, magoti yakigusa mkeka wake.

"Shimo lako nilifanyie nini? Langu lenyewe limenizeesha."

"Basi ulikuwa unataka nini miaka yote hii?"

"Nilitaka uje. Ningekuomba, ungekuja kwa ajili ya desturi. Nilitaka uje mwenyewe, kaka, ukae hivi hivi ulivyokaa."