Kisu Mara Mbili Ubaoni

Nina hasira na shangazi yangu, nina hasira zaidi na mimi mwenyewe, na sitaki mtu aniambie nitulie. Hasira yenyewe imetoka kwenye supu.

Shangazi alipika kwenye jiko la hospitali kwa miaka ishirini na sita. Si hospitali ya kuingia leo na kutoka kesho. Wagonjwa wetu ni wazee na watu waliopooza, wengi hawana meno ya kutafunia, na chakula ndicho kitu pekee kinachowafanya waulizeulize saa. Yeye alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mikono, na mdomo wake haukujua breki. Ukikata vitunguu vipande vinene alikuuliza kama unajenga ukuta. Aliniingiza pale nikiwa na miaka kumi na tisa, mimi mtoto wa kaka yake, akanipa ubao na kisu. Kwa miaka kumi na minne sikuwahi kushika mwiko wa sufuria kubwa.

"Bado," alinijibu kila nilipouliza. "Wewe kata."

Kila mwaka, majani ya miti ya uani yakianza kupukutika na wagonjwa wakianza kudai blanketi la pili, alipika supu ya maboga na matufaa. Maboga aliyapasua katikati akayaoka na maganda yake mpaka yakalegea. Matufaa machachu aliyakaanga kwa siagi na vitunguu, vyote vikasagwa pamoja na tangawizi, na krimu ikaingia mwisho kabisa, moto ukiwa umeshazimwa. Lakini utamu wote ulikuwa kwenye viungo. Jira na giligilani alivikaanga vikavu kwenye kikaango cheusi cha chuma, bila kuangalia saa, akisubiri harufu. Mwanzo mbegu hunuka kama majani makavu. Baadaye hunuka kama karanga, na hapo hapo unaziepua. Ukizubaa kidogo tu zimekuwa chungu, na kwa macho huoni tofauti.

Mwaka jana homa mbaya ilimlaza wiki tatu. Aliporudi kazini, siku moja kitambaa kilishika moto nyuma yake, moshi ukatanda, naye bado ananisema kuhusu karoti. Nilikizima kwa maji ya kuoshea mchele. Alikiangalia kile kitambaa, akaniangalia mimi, akanivuta hadi stoo na kufunga mlango.

"Pua yangu imekufa," alisema. "Hata siki siisikii. Ukimwambia mtu, mimi na wewe basi."

"Sasa utapikaje, shangazi?"

"Utaninusia. Kitu kikifika, gonga kisu ubaoni mara mbili. Mdomo usifungue."

Hakuniomba, aliniamuru. Na mimi kwa ujinga wangu nikafurahi kwamba hatimaye ananihitaji. Mwaka mzima niligonga. Maziwa yakitaka kuungua, nagonga. Samaki akiwa ameharibika, nagonga. Sifa walimpa yeye, naye alizipokea zote bila hata kunitupia jicho.

Kisha akaja msimamizi mpya. Tulimwita Bwana Kalamu kwa sababu kalamu haikutoka sikioni kwake. Alitaka wapishi wa umri wa shangazi wapumzishwe, iletwe supu ya unga wa pakiti: maji ya moto, koroga, gawa. Shangazi alimwambia mbele ya watu kwamba unga huo autumie kubandikia matangazo yake ukutani. Wakabishana, mwisho wakakubaliana. Siku ya supu ya maboga Bwana Kalamu atakuja kuona na kuonja. Ikimridhisha, shangazi atabaki jikoni kwake. Isipomridhisha, atavua aproni.

Siku hiyo nilimenya matufaa ndoo mbili. Bwana Kalamu alisimama kati yetu, mikono nyuma.

"Na huyu dada? Miaka yote hii yuko hapa. Hawezi kushika jiko siku ukiondoka?"

Shangazi aliangua kicheko. "Huyu? Huyu ni mikono tu. Pua hana. Utampa jiko mtu asiye na pua?"

Wasaidizi wote walicheka. Bwana Kalamu naye akacheka, akaandika kitu.

Pua sina! Na anayesema ni mwanamke aliyetembea na pua yangu mwaka mzima! Nilihisi uso ukiniwaka mpaka masikioni. Najua alikuwa anaogopa. Alitaka macho ya yule bwana yahame kwake, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilijua hata wakati ule ule, na kujua hakukunipunguzia chochote.

Akamimina jira na giligilani kikaangoni, akaanza kutikisa. Harufu ya majani makavu ikaja. Nikaendelea kukata. Ikaja harufu ya karanga, nzuri, imefika kabisa, na kisu kiko mkononi mwangu. Shangazi alitupa jicho ubaoni. Sikugonga. Akatikisa tena, akatupa jicho la pili. Nilisubiri mpaka harufu ikageuka na kuniwasha kooni. Hapo ndipo nikagonga mara mbili.

Akaepua papo hapo. Aliniamini. Akatwanga, akamimina kwenye sufuria ya watu arobaini, akatia krimu, akachota kijiko. Pua yake ilikuwa imekufa, lakini ulimi wake bado ulijua chungu. Alikiweka kijiko chini taratibu, akaniangalia. Nilitaka anitukane. Nilitaka anipige kibao mbele ya wote, tumalizane. Badala yake akamchotea Bwana Kalamu bakuli.

Bwana Kalamu alionja, akakunja uso.

"Chungu. Viungo vimeungua. Nani alikuwa anakaanga?"

"Mimi," alisema shangazi.

"Hukusikia harufu?"

"Sijasikia harufu yoyote tangu mwaka jana."

Mtu alilifunga bomba la sinki. Bwana Kalamu aliitoa kalamu sikioni, kisha akanigeukia.

"Na wewe? Ulikuwa hatua mbili tu hapo. Ulishindwa kumwambia?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilitaka kusema. Shangazi akaniwahi.

"Mwache," alisema, kwa sauti ile ile ya kunisema kuhusu karoti. "Si nilikuambia asubuhi? Huyu ni mikono tu. Pua hana."

Na mimi nikaufunga mdomo wangu.

Supu ilimwagwa. Wazee waliokuwa wakiisubiri tangu majani yaanze kudondoka walipewa chai na mkate laini, na mmoja alilia kama mtoto. Mpaka leo wanakunywa ile ya pakiti, ninaikoroga mimi.

Shangazi alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kikaango. Alipokuwa anatoka alipita kwenye ubao wangu. Hakuniangalia. Aligonga kwa kidole mara mbili, hapo nilipokuwa nagonga mimi, akaenda zake.